Samuel Johnson wa mbolea, na kwa nini mfuko wa DAP unasema 46

Swali: "Shikamoo mzee. Nasoma stashahada ya kilimo, niko mwaka wa pili, na likizo huwa namsaidia mama mdogo dukani kwake, anauza pembejeo. Mfuko wa DAP umeandikwa 18-46-0, lakini mkufunzi wetu anasema fosforasi iliyomo haifiki hata asilimia 21. Nilipomuuliza nani mkweli, yeye au mfuko, akacheka. Akasema wote wakweli, huo ni urithi wa wanakemia wa zamani, akina Samuel Johnson wa Marekani, nenda katafute. Nimetafuta naona Johnson yule wa kamusi ya Kiingereza tu. Huyu wa mbolea alikuwa nani, alifanya nini hasa, na hizi namba ni zake?"

Marahaba. Mkufunzi wako amekutuma mbali, ila hakukupoteza. Johnson wa kamusi mwache alale. Wako ni Samuel William Johnson, mwanakemia wa kilimo na mwalimu wa chuo cha Yale, jimbo la Connecticut, Marekani, aliyezaliwa 1830 na kufariki 1909. Lakini tuanze na namba, maana ndizo zilizokuleta. Kwenye mfuko wa mbolea namba tatu ni asilimia za uzito kwa mpangilio huu: naitrojeni, fosforasi, potasiamu. DAP, mbolea ya fosfati na amonia, ina 18 ya kwanza, 46 ya pili, na ya tatu haina.

Mwanakemia wa karne ya 19 hakuwa na mashine ya kumsomea fosforasi kwenye kioo. Alikuwa na asidi, moto na mizani. Alichukua mbolea, akaiyeyusha kwenye asidi, akaichuja, kisha akatia chumvi ya magnesi na amonia. Polepole chini ya glasi hutua chembe nyeupe kama chumvi laini, nazo ndizo zimeikamata fosforasi yote. Unaziacha hadi kesho yake, unachuja, unaosha, unachoma kwenye kichungu kidogo cha kauri hadi kiwe chekundu, unapoza, unapima. Uzito ule ukizidisha kwa 0.64 unapata kile walichokiita asidi ya fosforiki, yaani P2O5: fosforasi pamoja na oksijeni yake. Fosforasi haikuonekana peke yake hata mara moja katika safari yote hiyo, na mwanakemia aliandika kile alichoona kimeungana mbele yake. Potasiamu nayo iliandikwa hivyo hivyo kama K2O, potashi, jina lililotokana na majivu ya chunguni.

Njia hiyo mimi nimeifanya kwa mikono yangu nikiwa kijana maabara. Wiki ya kwanza nilipima kichungu kabla hakijapoa. Kitu cha moto kwenye mizani huonekana chepesi, kwa sababu hewa iliyopata joto hupanda na kukiinua kidogo. Basi mbolea ya watu ikatoka hafifu, mkubwa wangu akanitazama tu, akakirudisha kichungu ndani ya chombo cha kupozea. Sikuhitaji kuambiwa mara ya pili.

Sasa ndani ya mfuko wa DAP hamna P2O5 hata punje. P2O5 yenyewe ni unga mweupe unaolia "chwiii" ukigusa maji; huwezi kuupakia kwenye lori ukafika nao Songea. Kilichomo ni chumvi ya amonia na fosfati. Ile 46 ni namna ya kuhesabu tu: ukiizidisha kwa 0.436 unapata 20, ndiyo fosforasi tupu aliyokutajia mkufunzi wako. Kwa potashi zidisha kwa 0.83. Naitrojeni haina mchezo huo, 18 ni 18. Sheria za mbolea zilipokuja kuandikwa huko Ulaya na Marekani, zilikuta wachambuzi na wafanyabiashara tayari wanahesabu kwa oksaidi, yaani kirutubisho pamoja na oksijeni yake, zikaendelea nayo. Na kwa maoni yangu, muuzaji gani angekubali kwa hiari namba yake ishuke kutoka 46 hadi 20 siku moja? Afrika Kusini wao huandika fosforasi na potasiamu tupu, kwa hiyo ukipata kitabu chao cha mahindi usikilinganishe na mfuko wa dukani kwenu bila kupiga hesabu kwanza.

Je, namba ni za Johnson? Hapana. Hesabu ya oksaidi aliikuta Ujerumani, na namba tatu zilizopangwa kwa vistari zilikuja kwa sheria na desturi za watu wengi. Cha Johnson ni kingine, na kwangu ni kikubwa zaidi. Alizigeuza namba hizo kuwa pesa, kisha akasimamisha kati ya muuzaji na mkulima mtu wa kuzitangaza asiyelipwa na muuzaji.

Alizaliwa Kingsboro, jimbo la New York, akakulia kwenye shamba la baba yake Deer River, kaskazini mwa jimbo hilo. Shuleni Lowville alipata mwalimu aliyempenda na kemia ikamkaa kichwani, kiasi kwamba alijijengea maabara yake ndogo pale pale shambani. Akiwa na miaka 17 tayari alikuwa ameandika gazetini makala kuhusu kuizuia amonia isipotee kwenye samadi. Mwaka 1850 akaenda Yale, mji wa New Haven, akitaka mwalimu mmoja tu: John Pitkin Norton.

Norton ni mtu wa kusikitikiwa. Alikuwa amemzidi Johnson miaka minane tu. Alisomea Scotland na Uholanzi, na 1846 Yale ikamteua profesa wa kemia ya kilimo bila mshahara. Yeye na mwenzake Benjamin Silliman mdogo wakafungua maabara 1847 kwenye nyumba iliyowahi kuwa ya mkuu wa chuo, na chuo kikawatoza kodi ya pango. Yaani umeletwa ufundishe, halafu unalipia chumba cha kufundishia. Norton aliandika, alifundisha, alihutubia wakulima, na kifua kikuu kikamwondoa 1852 akiwa na miaka 30. Kazi aliyoiacha ndiyo Johnson aliyokuja kuibeba.

Mwaka 1853 Johnson akavuka bahari hadi Ujerumani. Alisoma Leipzig kwa mwanakemia Erdmann, kisha Munich kwa mwanakemia Justus von Liebig, ambaye kila mwanafunzi wa kilimo amemsikia hata kama hajui kulitamka jina lake. Lakini kilichomgeuza Johnson, kwa ninavyomsoma mimi, si Liebig. Ni Möckern, shamba karibu na Leipzig ambako mwanzoni mwa miaka ya 1850 wakulima na serikali ya Saxony walianzisha kituo cha majaribio ya kilimo chenye mwanakemia wa kudumu. Huyo hakuwa profesa anayechungulia shamba siku za mapumziko. Kazi yake ya kila siku ilikuwa kujaribu, kupima na kuwajibu wakulima.

Ili uone kwa nini hilo lilikuwa jambo, kumbuka yaliyompata Liebig mwenyewe. Mwaka 1845 alitoa mbolea yake ya kiwandani iliyouzwa Uingereza. Aliogopa mvua isije ikaisomba, akaiyeyusha kwa moto madini yake yakashikana. Kweli haikusombwa, na mizizi nayo haikuiweza. Mwanakemia maarufu kuliko wote wa wakati ule, na mbolea yake ikalala ardhini kama kokoto! Kwenye karatasi hesabu ilikaa sawa. Hakuna aliyekuwa ameipeleka kwanza kwenye kipande cha shamba, msimu hadi msimu, kabla ya kuiuza.

Johnson alirudi Yale 1855, mwaka uliofuata akawa profesa wa kemia ya uchambuzi. Alikuta biashara ya mbolea imechangamka kama mnada. Mashamba ya New England, yaani Connecticut na majimbo jirani ya kaskazini-mashariki, yalikuwa yamechoka, na kutoka Peru ilikuwa ikija guano, kinyesi cha ndege wa baharini kilichorundikana visiwani kwa karne nyingi, kikali kwa naitrojeni na fosforasi, na ghali. Penye kitu ghali cha rangi ya kahawia kinachouzwa kwa gunia, mchakachuaji hakosi. Guano ikachanganywa na mchanga na udongo. Pakatokea mbolea zenye majina ya kupendeza ambazo ndani ni vumbi la barabarani. Kulikuwa na ile iliyoitwa poudrette, kinyesi cha vyooni New York kilichokaushwa na kuchanganywa na takataka nyingine, ikisifiwa magazetini kana kwamba ni dhahabu. Johnson aliipima akakuta sehemu kubwa ni uchafu mtupu. Wahenga walishasema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na mbolea hizi zilitembezwa kweli kweli.

Mwingine aliyekutana naye ni James Jay Mapes, aliyejulikana kama Profesa Mapes, mhariri wa gazeti la wakulima na wakati huo huo muuzaji wa superfosfati, mbolea ya fosfati, yenye jina lake. Gazeti linasifu, duka linauza, mwenye vyote ni mmoja. Johnson akapima, akachapisha kwamba bei ya mali ile ilizidi thamani ya virutubisho vilivyomo. Kumtaja mtu maarufu kwa jina namna hiyo kulihitaji moyo.

Alivyofanya ni hivi, na hapa naomba utulie, maana ni kitu unachoweza kukifanya kesho dukani kwa mama mdogo wako. Mwaka 1857 Chama cha Kilimo cha Jimbo la Connecticut kilimfanya mwanakemia wake. Badala ya kuwaambia wakulima "hii ina asilimia fulani ya asidi ya fosforiki," maneno ambayo mkulima hana pa kuyaweka, alichukua bidhaa zilizojulikana kuwa halali, akatazama bei zake sokoni, akatafuta ratili moja (karibu nusu kilo) ya kila kirutubisho inauzwa senti ngapi. Naitrojeni bei yake, potashi bei yake, fosforasi inayoyeyuka kwenye maji bei yake, na isiyoyeyuka bei yake ya chini zaidi. Akishapata bei hizo, gunia lolote linalokuja analivunja kwa hesabu: lina hiki kiasi hiki, kile kiasi kile, jumla lingepaswa kuuzwa dola kadhaa. Pembeni anaandika bei wanayolitaka dukani.

Tuifanye kwa shilingi, bei za mfano tu, usije ukaniambia kwenu si hizo. Tuseme urea ya kilo 50 inauzwa 69,000. Ina asilimia 46 ya naitrojeni, yaani kilo 23. Kilo moja ya naitrojeni basi ni 3,000. DAP ya kilo 50 tuseme 96,000. Naitrojeni yake asilimia 18, kilo 9, ambazo kwa bei ya urea ni 27,000. Zimebaki 69,000 kulipia P2O5 asilimia 46, yaani kilo 23. Kilo ya P2O5 nayo ni 3,000. Sasa analetwa mgeni, mfuko unaometameta wenye picha ya hindi kubwa kuliko mkono wa mtu, kilo 50 nao, umeandikwa 20-20-0, bei 85,000. Kilo 10 za naitrojeni ni 30,000, kilo 10 za P2O5 ni 30,000. Jumla 60,000. Ile 25,000 ni ya nini? Huenda kuna sababu, labda kuna salfa au zinki ndani, labda usafiri. Muuzaji aulizwe, na mkulima amsikie akijibu. Johnson alitaka swali hilo liulizwe, basi.

Hakuwa mjinga wa kudhani hesabu hiyo ndiyo kila kitu. Aliwaonya wasomaji kwamba thamani ya sokoni na thamani ya shambani ni vitu viwili. Mbolea inaweza kuwa na bei halali kabisa na isikuongezee hata debe moja, kama shamba lako lilipungukiwa na kitu kingine. Onyo hilo hadi leo nalirudia nikialikwa kwenye vikundi vya wakulima, na hadi leo kuna anayeinua mkono mwishoni na kuuliza: "Kwa hiyo mzee, mbolea nzuri ni ipi?"

Kuna vita vyake vingine ambavyo vitakushangaza kwa sababu vilikuwa dhidi ya wanakemia wenzake. Wakati huo kulikuwa na homa ya kupima udongo. Watu waliahidi kwamba ukiwapelekea kopo la udongo na ada, watakuandikia dawa ya shamba zima, kama mganga anayesoma kiganja. Johnson alipinga, na mwaka 1861 akaandika makala ndefu ya kuikosoa kazi ya namna hiyo iliyofanywa kwa udongo wa Kentucky na Arkansas. Hoja yake unaweza kuijenga mwenyewe. Ekari moja ya udongo, kina cha futi moja, ina uzito wa karibu ratili milioni 4. Mkulima akimwaga ratili 300 za guano nzuri ameongeza naitrojeni ratili 40 hivi. Hiyo ni sehemu 1 katika 100,000. Mazao yataonyesha tofauti unaiona ukiwa barabarani, lakini mizani ya wakati ule isingeweza kutofautisha udongo wa kabla na wa baada. Sasa kama kipimo hakikioni kitu ambacho mmea unakiona, utaandikaje dawa kwa kipimo hicho?

Usiende chuoni ukasema kupima udongo ni kazi bure, mimi ndiye nimesema! Wao walikuwa wakipima jumla ya kila kilichomo, pamoja na kilichofungwa ndani ya mawe. Tunavyopima leo ni vingine: tunachuja kwa kimiminika dhaifu kile tu ambacho mzizi unaweza kukifikia, na namba inayotoka inalinganishwa na majaribio ya mbolea yaliyofanywa mashambani kweli. Yale majaribio ndiyo yaliyokosekana enzi hizo, na ndiyo sababu Johnson alikuwa haachi kudai kituo.

Akakidai miaka 20. Alirudi 1855 na wazo la Möckern kichwani. Bunge la Connecticut likalikubali 1875. Katikati hapo alikuwa akifundisha. Sijui niseme miaka ile ilipotea au ndiyo iliyozaa, maana humo ndimo kilimotoka kitabu chake How Crops Grow (Jinsi Mazao Yanavyokua), mwaka 1868, na ndugu yake How Crops Feed (Jinsi Mazao Yanavyojilisha), mwaka 1870. Cha kwanza kinauchukua mmea wenyewe: umeundwa na nini, majivu yake yana nini, unaotaje, unakomaaje. Cha pili kinatazama hewa na udongo vinavyoulisha. Wakulima na wanafunzi wa Marekani wasiojua Kijerumani wakapata mle yale yaliyokuwa yakifanywa Ujerumani, pamoja na majaribio ya kuotesha mahindi ndani ya chupa ya maji yenye chumvi, bila udongo kabisa, unaondoa kirutubisho kimoja na kutazama jani linavyolalamika. Ajabu ni kwamba kitabu hicho cha Mmarekani, kilichojaa kazi za Wajerumani, kilitafsiriwa kurudishwa kwa Kijerumani. Wenyewe hawakuwa na kilichopanga mambo vizuri hivyo.

Kituo chenyewe kilianza kinyonge. Mhariri na mchapishaji Orange Judd alitoa dola 1,000, serikali ya jimbo ikaahidi dola 700 kila miezi mitatu kwa miaka miwili, na Chuo cha Wesleyan mjini Middletown kikatoa vyumba. Aliyekiongoza ni Wilbur Atwater, mwanafunzi wa Johnson. Hicho ndicho kituo cha kwanza cha majaribio ya kilimo cha jimbo lolote Marekani. Mwaka 1877 kikahamia New Haven kikiwa na dola 5,000 kwa mwaka, Johnson akawa mkurugenzi, na akakaa hapo hadi mwisho wa karne.

Kazi ya asubuhi hadi jioni ilikuwa magunia. Hawakusubiri mwenye kiwanda alete sampuli yake, maana sampuli inayoletwa na mwenye mali huwa imepambwa kama bibi harusi. Walichukua kwenye maghala ya wauzaji, kutoka magunia kadhaa kwa wakati mmoja, wakachanganya, wakagawa, wakapima. Taarifa ikachapishwa na kupelekwa magazetini: jina la mbolea, jina la muuzaji, kilichoahidiwa, kilichokutwa, bei yake, thamani yake. Jedwali kavu tu lisilo na tusi hata moja. Lakini fikiria wewe ndiye muuzaji, umeahidi 10, jedwali linasema 6, na linasomwa jimbo zima.

Wachakachuaji hawakulala. Walipojua wanapimwa naitrojeni, wengine wakagundua ngozi. Vipande vya ngozi kutoka viwanda vya viatu, New England ilikuwa navyo tele, vinasagwa na kutiwa kwenye mbolea. Ngozi ina naitrojeni nyingi, na maabara itaiona yote. Ila ngozi imetiwa dawa isioze, na isipooza mmea haupati kitu. Mwanakemia anasema ipo, muhogo unasema haipo; nisamehe, Connecticut hawalimi muhogo, lakini umenielewa. Kituo kikalazimika kubuni na kulinganisha njia za kujua naitrojeni ni ya aina gani, mojawapo ikiwa kuiweka mbolea kwenye pepsini, kimeng'enya cha tumboni, kuona kiasi gani kinasagika. Damu kavu na unga wa samaki husagika haraka. Ngozi inakaa kama ilivyo. Kwa hiyo ukiona leo mtaala wako unatofautisha kirutubisho kilichomo na kirutubisho kinachopatikana kwa mmea, ukaona ni maneno ya kukukaririsha tu, kumbuka viatu vya New England.

Mengine nayapitia haraka. Johnson aliongoza Chama cha Kemia cha Marekani mwaka 1878. Mwaka 1884 wanakemia wa kilimo walikutana Philadelphia wakaanzisha chama cha kukubaliana njia moja ya kupima, kwa sababu gunia lile lile lilikuwa likitoa namba tofauti kila jimbo. Mwaka 1887 ikapita sheria ya Hatch, iliyolipa kila jimbo dola 15,000 kwa mwaka kwa ajili ya kituo cha namna ile. Wanafunzi wake wakasambaa humo wakiwa wakurugenzi na wachambuzi. Mmoja wao, Thomas Osborne, alimwoa binti yake, akabaki New Haven kuchambua protini za mbegu. Mwaka 1913 yeye na Lafayette Mendel walionyesha kwamba ndani ya siagi kuna kitu ambacho panya wachanga hawakui bila hicho, kitu tunachokiita leo vitamini A. Na kituoni hapo hapo, karibu 1917, Donald Jones alitengeneza njia ya kuchanganya koo nne za mahindi iliyofanya mbegu chotara iwe rahisi kuzalishwa kwa wingi. Johnson alikuwa ameshafariki, Julai 1909. Lakini chumba, mizani na desturi ya kulipwa mshahara bila kulipwa na muuzaji aliviacha yeye.

Nina lawama moja kwake, ili usidhani namwimbia kasida. Miaka mingi kituo kile kilikula muda wake kwenye ukaguzi wa magunia kuliko kwenye majaribio ya shambani, yale yale aliyoyadai kwa miaka 20. Wapo walionung'unika wakati ule, na nadhani walikuwa na haki kidogo. Ila nami nimefanya kazi maabara, najua: mkulima akikuletea kiganja cha mbolea kwenye karatasi ya daftari, amekopa pesa ya kuinunua na mvua imebakiza wiki moja, huwezi kumwambia asubiri umalize jaribio la miaka mitano.

Ukitaka kusoma How Crops Grow, ni kitabu cha zamani kisicho na haki za mwandishi tena, utakipata bure mtandaoni. Kiingereza chake kimenyooka. Jihadhari na kitu kimoja: akiandika "asidi ya fosforiki" hamaanishi asidi ya kwenye chupa ya maabara yenu, anamaanisha P2O5 ile ile ya kwenye mfuko wako. Kwa hiyo namba zake zizidishe kwa 0.436 kabla hujabishana na mkufunzi.

Halafu piga ile hesabu ya urea na DAP kwa bei za dukani kwenu, mfuko kwa mfuko, uniletee uliyoyakuta. Na uangalie uzito, maana siku hizi kuna mifuko ya kilo 25 imesimama rafu moja na ya kilo 50, na bei yake si nusu.